Ng'ombe Sitini kwa Tarakimu

Kwa nini baba alitaka kila namba katika barua zake iandikwe kwa maneno? Nilimwuliza kila likizo niliporudi kutoka chuoni Uganda. Kule tulifundishwa kuandika tarakimu kuanzia kumi na moja.

"Andika tu, bibie wa chuo," alinijibu. Sikuridhika.

Duka letu lilikuwa Katesh. Baba alinunua samli kwa mama mmoja mjane, mfugaji wa tambarare za Hanang, na samli hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mwaka mmoja baba aliugua malaria, nikamwandikia yule mama peke yangu. Nilijivunia ufupi wa barua yangu: "Madebe 12 hayajafika. Una ng'ombe 60. Usichelewe tena."

Siku ya mnada alikuja shemeji yake na punda wasio na mzigo.

"Barua yenu imesomwa mnadani, watu wote wanasikia," alimwambia baba. "Shemeji anasema, kama duka linajua kuhesabu ng'ombe zake, lije likamue lenyewe."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Nilipomtajia nilichokuwa nimeandika, hakucheka tena.

"Ng'ombe wa mtu hawatajwi idadi mbele za watu, mwanangu. Wakifa kesho, atalaumiwa nani?"

"Lakini baba, ng'ombe hafi kwa kuhesabiwa."

"Sijakuuliza ng'ombe anakufa kwa nini. Nakuuliza huyu mama akisomewa haya, anasikia nini?"

Akaniambia nichukue karatasi nyingine, akaanza kutamka polepole, bado amejifunika blanketi:

"Shikamoo mama. Samli yako ya mwisho imesifiwa na kila aliyeionja. Tumekuoshea madebe kumi na mawili, yanakusubiri. Ukileta kabla ya mvua, punda wako hawatateleza njiani."

Niliona kwamba namba pekee iliyobaki ilikuwa ya madebe yetu wenyewe.

"Sasa weka na lako," alisema. Nikaandika kwamba aliyekosa ni mimi, binti anayesomeshwa kwa samli ya mama huyo, na kwamba naomba radhi.

Mnada uliofuata punda walikuja wamelemewa. Nikarudi chuoni. Hadi leo siamini kwamba kuhesabu kunaua ng'ombe, lakini sijaandika barua tena bila kujiuliza mwenzangu atasikia nini, na kwa hilo namshukuru baba.

Swali la tarakimu lilibaki. Baba alikuwa amekwisha kufariki nilipokwenda kumzika yule mama, nikaketi na binti yake, aliyekuwa akimsomea barua zetu faraghani. Alijifunza kusoma kwa kusimama dirishani kwenye darasa la dini, akazijua herufi zote, lakini tarakimu hakufundishwa hata moja. Baba alilijua hilo. Barua yangu ndiyo pekee iliyomshinda, ikabidi ipelekwe mnadani, kwa karani mwenye sauti kubwa.