Abonema Iliyolipwa kwa Mdomo

Nyumbani kwa Mama Houda, mtaa wa Ngagara, Kartie ya Sita, kila mwanamke aliyeketi sebuleni alasiri alikuwa amechangia abonema ya dekoda, ile ada ya kila mwezi ya chaneli. Kila mmoja isipokuwa Nsimire. Yeye alilipia kwa mdomo, na wala sitanii.

Nsimire, au Mama Landry kama wanavyomwita, alivuka mpaka kutoka Bukavu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Alipanga chumba Buterere, kando ya mashamba ya mpunga, mahali ambapo mvua ikinyesha sawasawa maji huingia ndani bila kubisha hodi. Kazi yake ni kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Asubuhi hujitwika beseni na kuzunguka Ngagara nyumba kwa nyumba, na ikifika alasiri miguu yake haina hamu tena.

Siku moja alikuwa akimpimia Mama Houda ndagala mlangoni, huku televisheni ikionyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kifaransa. Wanawake waliokuwamo, wengi wao Waislamu wa mjini tangu enzi za babu zao, Kiswahili wanakimwaga kama maji, lakini Kifaransa cha mbio namna ile kiliwapita juu ya kichwa. Mmoja akauliza yule bibi anamlilia nani. Nsimire, ambaye hakuna aliyemuuliza, akajibu kwamba anamlilia mwanawe aliyenyang'anywa shamba. Wakamwambia aingie, aketi, aendelee.

Hapo ndipo uongo ulipoanza, maana Kifaransa cha Nsimire kiliishia darasa la sita. Alidaka neno hapa, neno pale, na palipobaki pengo alipaziba mwenyewe. Mwanzoni alitia chumvi tu. Baadaye akatia na pilipili. Katika tamthilia kulikuwa na mzee mmoja wa masharubu, mwenye mkoba, aliyekuja kwa msichana Selma kila baada ya siku chache. Nsimire akawaambia huyo ni baba yake mzazi, aliyeikimbia familia wakati wa njaa, na sasa anatafuta namna ya kuomba msamaha. Wanawake walilia mpaka chai ikapoa. Mama Houda mwenyewe, ambaye si mwepesi wa machozi, alisema mzee yule atamuua kwa huruma.

Na nani asingekipenda kiti hicho? Ile saa moja ndiyo pekee katika siku nzima ambayo Nsimire hakuwa mgeni wala mpita njia. Alikuwa mtu anayesubiriwa.

Jambo moja tu lilimtisha. Candide, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, naye alianza kuja na sindano zake za kufuma, akaketi pembeni. Siku ile ya kwanza Nsimire alifasiri kwa sauti ya chini. Lakini mwalimu hakuinua macho kwenye uzi wake, wala hakusema lolote, siku hiyo na zilizofuata. Nsimire akajipa moyo kwamba masikio ya bibi yule yalikwisha zamani.

Basi bei ya abonema ikapanda, ikapanda tena. Anouar, mkwe wa Mama Houda anayeuza simu na kuishi Mutanga Nord, akaja na kijisanduku cha kuchomeka nyuma ya televisheni. Alieleza kwamba dekoda imepitwa na wakati, kwamba kwa intaneti mtu huchagua anachotaka saa anayotaka, na kwamba mwezi wa kwanza ni bure. Akabonyeza huku na kule mpaka akaipata tamthilia yao. Kisha, kwa furaha ya mtu aliyeleta zawadi, akasema hii ina hata sauti za Kiswahili.

Nsimire alilivuta beseni lake karibu. Kwenye kioo mzee wa masharubu akafungua mkoba wake, akasema kwa Kiswahili safi kisicho na huruma kwamba yeye, kama wakili wa familia, ameleta karatasi za nyumba zitiwe sahihi.

Mama Houda akamtazama Nsimire, akamtazama mzee, akamrudia Nsimire. Nsimire hakungoja. Alikaza kitenge, akachukua beseni lake na kutoka, na njia nzima mpaka Buterere alijitukana. Njia ya mwongo ni fupi, mama yake alimwambia hivyo tangu utotoni, naye ameitembea miezi minane akidhani haina mwisho. Aliona haya, lakini kilichomuuma zaidi ya haya ni kile kiti.

Mwezi mzima hakukanyaga kartie ile. Ndagala zake alizipeleka kwingine, kwa watu wanaobishana bei kisha wanafunga mlango.

Ijumaa moja asubuhi akawakuta Mama Houda na mwalimu Candide wamesimama nje ya chumba chake, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alianza kuomba radhi kabla hata hawajamsalimu, na mwalimu akamkatiza.

"Mama Landry, mi nilijuaka tangu siku ya kwanza," akasema. "Kama ningekuwa nataka Kifaransa, ningebakia kwangu. Mi nilikuwa nakuja juu ya ule baba wa Selma."

Mama Houda akaeleza yaliyotokea. Siku mbili tatu walitazama kwa Kiswahili cha kwenye kioo, wakaelewa kila neno, wasilie hata mara moja. Kisha mmoja akabaki kwake, mwingine akawa anatazama peke yake kwenye simu na kumaliza bando. Mwezi wa bure ukaisha, Anouar akaleta bei, na juu yake bei ya intaneti.

"Nikawaambia, tutoe franga zote zile juu ya kuambiwa ule muzee ni avoka wa karatasi za nyumba?" akasema Mama Houda. "Apana. Tumerudisha dekoda, abonema ya chini kabisa. Iko Kifaransa tupu, na hatuna mutu wa kutusemea. We ukuje."

Alasiri hiyo Nsimire alikikuta kiti chake palepale, na chai imeshamiminwa. Wanawake walimsalimu kama aliyetoka safari, bila kumuuliza alikokuwa. Haukupita muda mzee wa masharubu akatokea mlangoni kwa Selma na mkoba wake, akaanza kusema kwa haraka. Sasa wote wanajua, Nsimire atasema nini? Akamgeukia mwalimu, akaona ameziweka chini sindano zake kwa mara ya kwanza.

"Iko anasema nini, ule baba?" mwalimu akauliza.

Nsimire alisogeza kiti chake mbele.

"Anasema amerudi," akasema. "Anasema alikuwa anaogopa watamufungia mulango, kumbe walikuwa wanamungoja."

Mama Houda akaanza kutafuta ncha ya ushungi wake.