Masanduku ya Bwegera

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha plastiki, mashine ya kupiga picha na cheo ambacho sikuwahi kukisikia: opereta. Ilikuwa Kimanga, mtaa wa mji wa Uvira, katika chumba cha shule kilichotazama ziwa, na kazi yangu ilikuwa kuandikisha wapiga kura. Mtu aliingia, akataja jina lake na kijiji alikozaliwa, akaweka vidole kwenye kioo kidogo kilichosoma mistari ya ngozi, kisha akanitazama nimpige picha. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu, lakini vita vilikuwa vimeifunga shule yetu mara nyingi hata nikatafuta kazi nyingine.

Ninyi vijana mnaona kadi ya kura ni kitu cha kawaida. Wakati ule wengi walikuwa wamepoteza kila karatasi porini walikokimbilia, na kadi ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kusema wao ni nani. Mashine ilipoitoa, ingali ya moto, waliishika wakitazama uso wao, kisha wakatoka nje polepole kama watu wanaoamka usingizini. Milimani bunduki zililia, mbali. Ziwa lilikuwa jeupe kama maziwa. Jioni nilipofumba macho, nyuso zile zilipita tena mbele yangu, moja moja, kimya.

Uchaguzi wenyewe ulipokaribia nilipandishwa kuwa prezida wa biro, yaani msimamizi wa chumba kimoja cha kupigia kura, nikapelekwa Bwegera, katikati ya mashamba ya mpunga. Mkubwa wangu alikuwa shefu wa kituo, msimamizi wa vyumba vyote, direkta wa shule aliyestaafu, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimu umsogelee ndipo umsikie.

“Mama Feza,” aliniambia, “kazi yetu si kujua nani atashinda. Kazi yetu ni kila mutu aende kwake akijua kura yake iko ndani ya sanduku.”

Wagombea wa urais hatukuwahi kuwaona. Yalipita magari ya kampeni yenye vipaza sauti, zikagawiwa fulana, nyimbo zikaimbwa wiki nzima. Kwetu wakubwa wale walikuwa nyuso tu, zilizopangwa kwenye karatasi ya kura iliyokuwa pana kama kitambaa cha meza ndogo.

Asubuhi ya kura ukungu ulikuwa umelala juu ya mpunga. Nilifungua milango, nikaona foleni inaanzia kizingitini na kupotelea ndani ya weupe ule. Mbele kabisa alisimama Mama Nabintu, mkulima mjane, amevaa kitenge cha ibada. Nilimwonyesha sanduku likiwa tupu, kama sheria inavyotaka, na mashahidi wa wagombea nao wakachungulia. Mmoja wa mashahidi hao alikuwa Rukundo, mfugaji aliyeteremka kutoka Mulenge, juu milimani. Watu wa bondeni hawakumsalimu. Damu nyingi ilikuwa imemwagika kati ya mlima na bonde.

Mama Nabintu alikuwa hajaingia kwenye kibanda cha siri risasi zilipoanza, upande wa vilima. Hakuna aliyekimbia. Foleni nzima ililala chini, kila mtu mahali pake, mkono mmoja umeshika nguo ya aliye mbele. Nilipotazama kutoka dirishani niliona mstari mrefu wa migongo, na juu yake nyange weupe wakiruka bila haraka.

Foni, ile redio ya kuitana, ilikoroma. Mkubwa wa Uvira alituambia tufunge, tupakie vitu, turudi.

Shefu wa kituo alitoka nje akitambaa, akalala mavumbini karibu na Mama Nabintu, ambaye naye alikuwa amelala kizingitini.

“Mama, Uvira wanasema tufunge. Weye unasema nini?”

“Mukifunga leo, mutarudi siku gani?”

“Siwezi kukudanganya. Sijui.”

“Basi minye niko wa kwanza. Sitoki hapa.”

Shefu alibaki amelala, akifikiri, shavu liko juu ya mchanga. Kisha akajibu kwenye foni kwamba wapiga kura wako kwenye foleni, na kwamba atafunga wa mwisho akishapiga. Nilitamani afunge, nawaambia kweli. Nilikuwa na watoto nyumbani. Lakini milio ilipungua, ikahamia nyuma ya vilima, ikakatika. Watu wakainuka wakikung'uta nguo zao, na foleni ikasimama ilivyokuwa, hakuna aliyemruka mwenzake. Mama Nabintu aliingia kibandani na vumbi lake usoni.

Jua lilipoinama tulihesabu. Nilifungua karatasi moja moja, nikaiinua juu, nikataja jina, mwenzangu akachora mstari ubaoni. Matokeo tuliyabandika mlangoni, mashahidi wote wakatia sahihi, na masanduku tukayafunga kwa vifungo vya plastiki ambavyo havifunguki ila kwa kukatwa.

Asubuhi yake lori la kupeleka masanduku Uvira lilipowashwa, vijana wa kijiji walikuwa wameketi barabarani na mapanga magotini. Aliyewaongoza alisema masanduku hayatoki.

“Matokeo yako mlangoni, mumeyasoma,” shefu wa kituo alimwambia. “Munaogopa nini?”

“Tunaogopa barabara. Kutoka hapa mpaka Uvira kura zetu zitageuzwa. Na huyu,” akamwonyesha Rukundo kwa panga, “hapandi kwenye gari.”

Rukundo alishusha mguu aliokuwa amekwisha kuuweka juu ya lori.

Mama Nabintu alitoka nyuma ya watu. Kijana yule alikuwa mtoto wa kaka yake.

“Unaogopa barabara?” alimwuliza.

“Ndiyo, shangazi.”

“Basi tutembee nayo. Gari liende polepole, sisi nyuma. Na huyu wa Mulenge atembee pamoja nasi, ili na yeye aone.”

Ndivyo tulivyoondoka. Dereva aliendesha kwa mwendo wa ng'ombe, na nyuma yetu kijiji kikaja kwa miguu. Mimi nilikaa juu, kati ya masanduku, nikawaona wakielea ndani ya vumbi la dhahabu kama watu wa ndoto. Tulipofika Luberizi, wazee na wenye watoto walichoka, lakini watu wa Luberizi walikuwa wamesikia, nao wakaingia barabarani. Sange wakatupokea wengine, kisha Kiliba. Hakuna aliyewapanga. Kila kijiji kilisindikiza masanduku mpaka kwa jirani, kikasimama, kikapunga mkono. Rukundo alitembea njia yote. Mahali fulani kabla ya Luberizi nilimwona yule kijana wa panga akimpa kibuyu cha maji, na Rukundo akanywa, akakirudisha kwa mikono miwili.

Tulipoliona ziwa, sauti za watu zilishuka. Kwenye kituo cha kukusanyia matokeo ya jimbo vifungo vilikaguliwa mbele yetu, vikakutwa vizima. Shefu wa kituo aliketi kwenye ngazi, akavua viatu, akafunika uso kwa mikono.

Kura ile haikumaliza vita. Mapigano yalirudi, Rukundo akahama na ng'ombe wake, na sikumwona tena. Nilifanya kazi hii katika chaguzi nyingine, nikawa shefu wa kituo mimi mwenyewe, nikastaafu magoti yalipokataa kusimama siku nzima. Vijana wanaoanza huniuliza jambo gumu zaidi lilikuwa lipi. Nawajibu kwamba ni kutunza siri. Mfanyakazi wa uchaguzi hasemi alimchagua nani, hata nyumbani.

Mume wangu aliniuliza miaka mingi, kwa utani, wakati mwingine kwa hasira. Yeye mgombea wake alijulikana mtaa mzima. Alipokuwa mgonjwa, katika wiki zake za mwisho, alinishika mkono akasema, “Mama Feza, sasa niambie.”

Niliinama nikamwambia sikioni.

Alitazama dari.

“Kumbe tulifutiana kura,” akasema.

“Ndiyo, Baba Feza.”

Akatabasamu, akaniomba nimmegee kipande cha samaki niliyemletea.