Siku Mkwe Alipomkalia Paka wa Kiajemi

Shoga zangu, nichekeni taratibu, maana aibu hii bado inanichoma.

Mdogo wangu Masanja, anayenunua dhahabu huko Geita, alisafiri akaniachia paka wake, na si hawa paka wetu wa kuiba dagaa, huyu ni wa Kiajemi, mweupe, manyoya mpaka miguu haionekani, macho rangi ya shaba, uso bapa kama aliyegonga mlango akikimbia (na kukimbia kwenyewe hajui). Masanja akanieleza kwamba asili yao ni Uajemi, Wazungu wakawapenda wakawachukua, mabibi wakubwa wakawafuga majumbani mwao, ndiyo maana wametulia hivyo, hawarukii meza, kazi yao kulala na kuchanwa manyoya kila siku. Nikamchana kweli, hata mwanangu Kabula sikuwahi kumchana hivyo.

Sasa wiki hiyohiyo wakwe wakawa wanakuja hapa kwangu Ibadakuli, kutoka Buseresere, kumposa Kabula.

Kabula akaniambia, "Mama, huyo paka mfungie chumbani."

Nikamjibu, "Acha waone na sisi tuna vitu."

Nikamlaza kwenye kochi kubwa, lile lenye vitambaa vyeupe nilivyofuma mwenyewe, nikaenda kuangalia wali.

Wageni wakaingia, mwangaluka, mwangaluka, shikamoo, marahaba, nikamkaribisha Mzee Luhende, baba wa kijana, kwenye kochi lile la heshima (macho yake hayaoni vizuri, na mimi nilikuwa najua), naye akaketi kwa uzito wake wote juu ya paka.

Paka mpole, nimewaambia, lakini upole una mpaka. Alilia mlio wa kichanga, Mzee akaruka, suruali ikanasa kwenye msumari wa kochi ikachanika mpaka gotini, akampamia Kabula aliyekuwa ameleta soda, soda zote zikamwagikia mshenga. Mzee akasimama ameishika suruali kwa nyuma, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Kabula, nimemkalia mtoto wa nani?"

"Si mtoto, mkwe. Ni paka."

Akasogea, akainama, akamtazama kwa karibu. "Na huo uso nimeuponda mimi?"

"Hapana, mkwe, amezaliwa nao."

Hakuniamini. Aliona namsitiri tu. Kabula akakimbilia jikoni kulia, akijua ndoa imekufa, mshenga naye akanong'ona kwamba warudi siku nyingine, lakini Mzee akakataa, akajifunga khanga yangu, akaketi kwenye kigoda, na maongezi ya mahari yakaendelea hivyo hivyo, mimi nikitamani ardhi inimeze. Kila tulipobishana kuhusu ng'ombe alikuwa anautazama ule uso bapa, anahema, anakubali.

Kabula ameolewa, yuko kwake. Lakini mimi nimekoma. Nikiwa na kitu cha kujivunia siku hizi nakisema kwa mdomo, tena kwa kifupi, na mgeni haketi kwangu kabla sijapapasa kiti kwa mkono wangu mwenyewe.