Shairi la Mama Lililosomwa Nkowe

Msimu wa korosho, kijiji chetu chote cha Lionja hunuka mabibo, yale matunda ya mkorosho. Yakishaiva huanguka yenyewe, hupasuka na kuchacha juani, na harufu yake, tamu lakini kali, hung'ang'ania nguo na nywele mpaka mvua zinyeshe. Msimu ninaousimulia nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, nikabaki na bibi yangu mzaa mama, mwanamke mfupi asiyejua kukaa bure. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kimwera ndicho alichogombezea, alichobembelezea na alichochekea. Alfajiri tuliokota korosho pamoja, kisha nikaenda shuleni vidole vikinata.

Mwalimu wetu wa Kiswahili nitamwita Mwalimu Saidi. Kwao ni Nkowe, upande wa Ruangwa, ambako mkewe na binti yake Rehema waliishi, na kila Ijumaa jioni aliwasha pikipiki yake kwenda kuwaona. Nilimpenda mwalimu yule. Mama alipofariki alikuja msibani na daftari jipya, akaniambia, "Somoe, kinachokushinda kusema, kiandike." Siku moja akaingia darasani na karatasi. Ilihusu tuzo ya kimataifa ya ushairi, iliyoanzishwa kumuenzi mshairi mmoja wa ng'ambo ambaye maisha yake yote alivutiwa na utamaduni wa Kijapani. Watoto wa nchi yoyote waliruhusiwa kutuma shairi la mistari mitatu, mizani tano, saba, kisha tano, bila vina. Darasa liliguna. Kwetu sisi shairi lisilo na vina lilikuwa ugali bila mboga. "Tulieni," alisema. "Washairi wa Kijapani husema jambo moja tu walilolishuhudia, halafu wananyamaza. Lakini liwe la kweli."

Wiki nzima sikuandika kitu. Kisha bibi akafungua sanduku ili aanike nguo za marehemu zisiliwe na mende, nikaishika khanga moja na kuinusa. Jioni ile niliandika:

Khanga ya mama
ina moshi wa jiko;
yeye hayupo.

Mwalimu alilisoma mara mbili, akavua miwani. "Hili nitalituma mwenyewe," alisema. Likizo ilipofika, Rehema alikuja kukaa na baba yake. Tulikuwa rika moja, tukashibana haraka, nami nikamsomea shairi lile tukiwa kisimani. Alilia, akanishika mkono mpaka tukafika nyumbani. Baada ya hapo miezi ikapita. Kila nilipouliza, mwalimu alijibu, "Bado, mwanangu. Ng'ambo ni mbali." Mwishowe akaniambia halikuchaguliwa. Nilikubali. Nilijiambia kwamba duniani wako watoto wengi waliofiwa, na wengine wanajua kusema zaidi yangu.

Mwaka uliofuata dada yake bibi, aliyeolewa Nkowe, alikuwa anaoza mjukuu. Tulipanda gari mpaka Ruangwa, kisha bodaboda moja sote wawili. Asubuhi ya pili tukasikia vigelegele upande wa shule, na watu wakipita njiani wakisema kuna mtoto wa hapo ameshinda tuzo ya Kijapani. Moyo wangu ulichangamka. Nilidhani huenda namjua. Tukafuata umati.

Rehema alikuwa amesimama mbele, gauni jeupe, mkononi kitabu chenye maandishi yetu ukurasa mmoja na herufi za Kijapani ukurasa wa pili. Mama yake alikaa mstari wa kwanza, mzima wa afya, akijipepea. Mwalimu Saidi alikuwa pembeni ya mgeni rasmi. Rehema akafungua kinywa, akasoma khanga ya mama, moshi wa jiko, yeye hayupo. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshasimama.

"Hilo ni la kwangu! Huyo ni mama yangu!"

Mwalimu alinitazama kama mtu aliyekanyaga siafu. Halafu akatabasamu. "Kaa chini, mwanangu. Mashairi hufanana."

Hapo bibi akainuka, taratibu, akijishika magoti. Nje ya soko sikuwa nimewahi kumsikia akisema Kiswahili mbele za watu. "Mwalimu," aliuliza, "mama yake huyu binti yako kafa lini?"

Mama yake Rehema akaacha kujipepea. Rehema alijifunika uso kwa kitabu. Mgeni rasmi alikohoa, na mshereheshaji akaita kikundi cha ngoma kiingie upesi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Siku ile nilinyongwa na haki sikupewa. Mwalimu alitukimbilia mpaka barabarani. "Mama, walitaka cheti cha kuzaliwa, na Somoe hana. Lingepotea bure. Ningefanyaje?"

"Ungetwambia," bibi alijibu, akanivuta tukaondoka.

Hakuna aliyeandika barua ya kusahihisha jina. Mwalimu alihamia shule nyingine muhula uliofuata, na Rehema hakuwahi kunitafuta. Wakati huo ng'ambo ilifikika kwa mkono wa mwalimu peke yake. Leo mimi mwenyewe nafundisha Nachingwea, na wanafunzi wangu hutuma mashairi yao kwa simu za wazazi, majina yao juu, majibu yakirudi kwao. Nawasaidia kwa moyo wote. Wananiuliza mbona mimi siandiki, nami husema sina nafasi. Ukweli ni kwamba tangu Nkowe sijaandika mstari hata mmoja, maana kila nikishika kalamu nasikia sauti ya mtu mwingine ikinisoma.

Mwaka jana nilikutana na Mwalimu Saidi stendi ya Ruangwa, kazeeka, kashika mkongojo. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa kwa miaka. Kinywani ikatoka, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, kwa wepesi wa mtu aliyesamehewa. Sikuwa nimemsamehe. Nilimwamkia tu, kwa sababu ndivyo bibi alivyonilea.