Sausan za Ukuta wa Najma

Zuhura alikuwa mtu wa kusema mara moja. Akishasema, basi, kasema. Miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye nyumba moja ya zamani pale Najma, jijini Doha, na miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema, nimekosea. Kwao ni Mamba Miamba, milimani Upare, wanakolima tangawizi. Huko mtoto wa kike anajua kufukia tangawizi kabla hajajua kusuka nywele.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kikatari, wafanyakazi wote wakimwita Mama Kabira. Watoto wake walishahamia Muaither kwenye majumba mapya, yeye akagoma. "Nihame, maua yangu nimwachie nani?" Maua yenyewe ni sausan, meupe, yamejipanga chini ya ukuta, majani yake kama mapanga. Aliyeyapanda ni mama yake. Kila baridi ikiisha yakachanua, bibi anatolewa kiti nje, Zuhura anakaa chini kando yake, wanatazama tu. Na siku ilipokuja simu kutoka Upare kwamba mama mzazi wa Zuhura kashazikwa, Mama Kabira alijikokota na mkongojo mpaka chumba cha uani, akakaa kitandani, akalia naye. Mabosi wangapi wanafanya hivyo?

Mwaka huu, mwezi wa pili, Mama Kabira akafariki. Nyumba ikapangiwa kuvunjwa. Binti yake, Madam Hessa, hakutoa chozi msibani. Alipokea wageni, akagawa kahawa, mgongo wima. Wageni walipokwisha akamwita Zuhura.

"Makaburini kwetu hatupandi kitu. Ni mchanga na jiwe. Haya maua ndiyo yaliyobaki ya Mama. Nihamishie kwangu Muaither, Zuhura. Sina mwingine wa kumwamini."

"Niachie mimi, Madam."

Zuhura akamwita Paul, Mkenya anayetunza bustani ya hoteli moja kule Al Sadd, aje na pikapu ya kuazima. Wakachimba taratibu. Mizizi ilipotoka, Zuhura akacheka peke yake, mara ya kwanza tangu msiba. Minene, ya kahawia, imetoa vidole huku na huku.

"Kumbe ni tangawizi hizi!"

Walipofika Muaither alichimba mfereji wa kina cha kiganja, akamwaga samadi, akalaza mizizi, akafukia, akainua tuta juu yake, kama alivyofundishwa. Paul akaweka jembe chini.

"Mathe, si hivyo. Hii maua haitaki kufunikwa mgongo. Unaiacha juu juu ipigwe na jua. Na maji kidogo tu."

"Paul, umezaliwa mwaka gani?"

"Tisini na nane."

"Mwaka huo mimi nashusha magunia ya tangawizi sokoni Same. Hebu shika mpira wa maji."

"Lakini hii si tangawizi, mathe. Hata hoteli tuliharibu mingi hivyo hivyo. Supavaiza nusura atuue."

"Hotelini kwenu mnapanda leo mnang'oa kesho. Haya ni ya marehemu. Na hicho Kiswahili chako kifukie kwanza, ndicho kimekaa juu juu."

Paul akacheka, akainua mikono. "Sawa. Wewe ndiye mkulima."

Zuhura, sasa akifanya kazi huko Muaither, akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni. Wiki ya kwanza majani yalisimama. Wiki ya tatu ncha zikaingia manjano, naye akaongeza maji. Madam Hessa akipita kwenda kazini anauliza, "Yanaendeleaje?"

"Yamechoka na safari, Madam."

Wiki iliyofuata akajibu, "Yamelala." Zuhura si mwongo. Alikuwa akijiambia na yeye mwenyewe vilevile.

Ijumaa moja, mwezi wa nne, alishika jani moja kulinyoosha. Likachomoka, halikushikwa na kitu huko chini. Harufu ikampanda puani. Akapiga magoti akafukua kwa mikono, tuta zima, mwanzo mpaka mwisho. Mizizi ilikuwa uji. Kila aliouminya ukapasuka vidoleni. Hakupata hata mmoja mgumu.

Nyuma yake mlango ukafunguka. Madam Hessa alikuwa ameshika kikombe cha kahawa.

"Ni joto?" aliuliza.

Hapo palikuwa na njia, na Zuhura aliiona. Doha joto hubebeshwa lawama za kila kitu, na joto halibishi. Angesema ndiyo, yangeishia hapo, na heshima yake ya miaka kumi na tisa ingebaki mahali pake.

"Si joto," akasema. "Ni mimi. Niliyazika kama tangawizi. Paul aliniambia nisifanye hivyo, nikamcheka."

"Yote?"

"Yote, Madam. Nimekosea."

Neno lilitoka kavu. Akangoja agombezwe; angegombezwa ingekuwa afadhali. Madam Hessa hakugomba. Aliketi kwenye ukingo wa saruji na nguo yake safi, akautazama ule udongo mweusi. Chozi ambalo msiba mzima halikumtoka, likamtoka sasa.

"Sikuwahi hata kuyapiga picha," akasema. "Kila mwaka nasema mwakani. Katikati yalikuwa na rangi gani? Zuhura, sikumbuki."

Zuhura alitaka kumshika bega, ila mikono ilikuwa michafu. Akakaa tu pale chini.

"Meupe," akasema. "Ila ukichungulia ndani, kooni, kuna ufito wa manjano. Mwembamba. Lazima uiname ndiyo uuone."

"Sema tena."

Akasema tena. Akaeleza na majani, na jinsi tumba linavyojikunja kabla ya kufunguka, na jinsi lile la mwisho wa ukuta linavyotangulia kuchanua. Kahawa ikapoa. Kila alipofika mwisho, yule binti akauliza kingine, naye akajibu, mpaka akafika mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwa na hakika tena kama anakumbuka au anabuni.