Siku Niliyosugua Paa la Mama Mkwe

Hili la paa afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, maana kule ukweni, njia ya Sikonge, wanalisimulia kila wakikosa la kuzungumza, na kila mara wananiongezea makosa ambayo sikuyafanya.

Mke wangu Neema alikuwa amerudi kwa mama yake (sababu ni mdomo wangu, tuishie hapo), na Jumapili wazee walipanga kukaa waamue kama nipewe mke wangu au niende zangu. Nikawaza, ngoja Jumamosi nitangulie nikafanye kazi ya kuonekana. Nyumba ya mama mkwe ni ya vigae vya zamani, mwembe umeifunika upande wa nyuma, jua haligusi, majani yanaozea juu, kuvu ya kijani imeota mpaka maji ya mvua yamekosa njia, yanavujia chumbani kwake. Nikafika asubuhi, nikapiga hodi mara moja, kimya, nikasema wako shamba, nikaegemeza ngazi, nikapanda na brashi na ndoo ya maji ya sabuni ya unga.

(Kosa ni hapo. Hodi moja haitoshi.)

Kazi ilienda vizuri, kuvu inabanduka vipande vipande, nami najiona mkwe bora Tabora nzima, mpaka niliposikia kandambili zinakuja nyuma ya nyumba. Kutazama, mama mkwe, kanga kifuani, ndoo mkononi, anaelekea bafuni. Bafu lenyewe ni kuta za tofali tu, halina paa. Na sisi Wanyamwezi mama mkwe ukikutana naye njiani unampisha, sembuse kumkuta anaoga! Nikikohoa ataniona, nikinyamaza itaonekana nilikuwa nachungulia, basi nikalala kifudifudi, nikafumba macho, nikanyamaza. Ila sabuni juu ya kuvu haina huruma, nikaanza kuteleza taratibu, ndoo ikanitangulia, ikapiga ukuta wa bafu, pwaa!

"Nani huyo?"

Nami kwa adabu niliyolelewa nayo nikajibu kutoka juu, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akaitikia kwa mazoea, kisha akapaza sauti, "Neema! Neema wee! Mumeo yuko juu ya paa!"

Majirani wakafika kabla mimi sijafika chini. Nilishuka pamoja na vigae kadhaa, macho bado nimeyafumba, nikatua kwenye tope la maji ya bafu.

Jumapili kikao kikawa cha paa, ndoa ikasahaulika. Baba mdogo wa Neema akaniita kwa jina la binti yetu, akauliza kama hakimu, "Baba Rehema, huko juu uliona nini?"

"Kuvu tu, baba."

Neema akaangua kicheko. Tangu aondoke nyumbani sikuwa nimemsikia akicheka, nikataka kulia mbele za watu. Mama mkwe akasema kutoka chumbani, "Mpeni mke wake waende. Akibaki peke yake atapanda na kanisa."

Basi nikarudi na mke, lakini heshima niliiacha kule. Baadaye shemeji alikata matawi ya mwembe, jua likapiga vigae, na majani yanafagiwa kabla ya masika, kuvu haijaota tena. Ilikuwa kazi ya panga tu, ningeifanya kwa ruhusa, mchana kweupe, bila kukaribia bafu la mtu. Paa la ukweni mimi silipandi tena, hata likiota mpunga.