Mvinyo wenye jina la mama

Mtu akijifanya mjuaji, mwache aendelee, atajianika mwenyewe. Mimi nilijianika Jinja, katika ukumbi wa hoteli nilimokuwa mhudumu, mbele ya chupa sita za mvinyo wa povu kutoka Ufaransa.

Aliyezileta alikuwa mama wa makamo ambaye familia yake inalima zabibu tangu enzi za babu yake. Alitaka hoteli yetu inunue mvinyo wao, na kabla ya hapo akataka sisi wahudumu tuuelewe. Akatueleza kwa Kiingereza cha taratibu kwamba mvinyo huu huchachuka mara mbili. Mara ya pili huchachuka ndani ya chupa yenyewe, baada ya kutiwa sukari na hamira na kufungwa. Kisha chupa zinainamishwa, shingo chini, na kila siku mtu anapita akizizungusha kidogo, mpaka mashapo yote yashuke kwenye kizibo. Hapo shingo inagandishwa kwa barafu, chupa inafunguliwa, na uchafu unaruka nje.

"Hamira inafanya nini humo ndani?" akauliza.

Mimi nikajibu kwamba inakula sukari na kutoa hewa, na hewa ikikosa njia ndiyo inakuwa povu. Nikaongeza kwamba baridi ikizidi hamira inalala. Mgeni akafurahi sana. Akaniuliza nani alinifundisha.

"Mama yangu," nikasema. Ningeishia hapo ningekuwa nimesema kweli. Lakini mdomo huponza kichwa. "Ni mwalimu wa sayansi."

Mama yangu hajawahi kushika chaki. Anapika malwa, pombe ya ulezi, kule Namatala, Mbale. Baba alikuwa askari na tulikulia Kimaka, kambi ya jeshi pale Jinja, katika Kiswahili cha kambini. Baba alipofariki, mama alirudi kwao na mitungi yake, na mitungi hiyo ndiyo iliyonisomesha. Mambo ya hamira niliyajua kwa kukaa kando yake nikisikiliza mtungi unavyonong'ona.

Wiki hiyohiyo mgeni akasema anakwenda kuuona mlima wa huko Mbale, na njiani angependa kuona pombe ya kienyeji inavyotengenezwa. Meneja akanituma nimsindikize. Mbale haikosi wapika pombe. Ningeweza kumpeleka kwa yeyote, nikampeleka kwa mama, kwa sababu malwa yake haina mfano na nilitaka mgeni aionje iliyo bora. Nilitaka sifa ya mtungi bila aibu ya mwenye mtungi. Hata saa niliipanga: asubuhi, kabla wateja wanaonijua hawajaja. Nalisema hili ili mtu asidhani niliteleza tu.

Mama alikuwa anakaanga unga uliochachuka juu ya kipande cha bati. Aliponiona akasimama, mikono ikaanza kufunguka.

"Habari ya leo, mama," nikasema, kwa sauti ya mteja. Kwetu kila mwanamke mtu mzima ni mama: muuza nyanya, mke wa afande, mpita njia. Nilijificha ndani ya neno hilo. Kisha nikamgeukia mgeni nikamwambia kwa Kiingereza kwamba huyu ndiye mpikaji hodari kuliko wote wa Namatala.

Mikono ya mama ikashuka. Akaifuta kwenye leso yake. Akalitazama shati langu la hoteli, akamtazama mgeni, akanitazama tena. Kiingereza hajui, lakini mwanawe anamjua.

"Karibu, bwana," akasema. "Karibu na mgeni yako."

Bwana. Sijawahi kupigwa kofi zito kama lile, na mama hakuwa ananipiga. Alikuwa ananisitiri.

Akatuonyesha kila kitu kwa adabu zote: kimea cha ulezi, unga uliokaangwa, mtungi, maji ya moto anayoongeza kinywaji kikipungua, mirija mirefu yenye kichujio kidogo kwenye ncha. Mgeni akavuta mrija, akafumba macho, akacheka kwa furaha. Sisi tunafukuza mashapo kwa shingo ya chupa, akasema, ninyi mnayaacha kwenye mtungi na kuyapita kwa mrija. Kazi ni moja. Nikatafsiri. Mama akatikisa kichwa kukubali, kama fundi anavyosikilizana na fundi.

Kisha mgeni akatoa chupa kwenye mkoba, akampa mama kwa mikono miwili. Akasema kwamba kwa miaka mingi aliyekuwa akizungusha chupa zao alikuwa mama yake, mpaka vidole vikapinda. Jina lililoandikwa hapo mbele ni la mama huyo. Kila anapokwenda kuuza, akasema, anaanza kwa kulitaja.

Nililitafsiri hilo pia.

Mama akapitisha kidole juu ya herufi za dhahabu, polepole, toka mwanzo mpaka mwisho.

"Ambia yeye asante," akasema. "Ambia yeye, mi pia niko na mtoto. Yeye nafanya kazi Jinja, kwa hoteli kubwa." Akaiweka chupa kando ya mtungi. "Ambia yeye ni mtoto muzuri. Leo tu haiko."

Mkana kwao ni mtumwa, na siku ile nilijua utumwa wenyewe ukoje: kusimama pale, mikono nyuma, nikiyageuza maneno ya mama yangu kuwa Kiingereza, moja baada ya jingine, bila kuacha hata moja. Aibu ilinichoma mpaka masikio. Bado ningeweza kusema ni mimi. Sentensi fupi tu. Sikuisema.

Mgeni akamtazama mama kwa upendo. Akaniomba nimuulize: huyo mtoto huja kumwona mara nyingi?

Nilikuwa na mwaka na nusu sijakanyaga Namatala.

"Huja kila mwezi," nikamjibu mwenyewe, kwa Kiingereza, harakaharaka.

Mama hakuelewa jibu. Lakini aliona kwamba ameulizwa kitu, na kwamba swali halikumfikia.